Madoa Meusi na Ngozi ya Rangi Mbili: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Chochote

Madoa mengi meusi hayaondoki kwa sababu kinachoyaleta kinaendelea kila siku. Mtu anapaka krimu usiku, asubuhi anasugua mahali pale pale kwa dodoki gumu. Mwingine anahangaika na shingo iliyopiga weusi, anaipaka limau na magadi, kumbe sukari ya damu imeanza kupanda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye chanzo: jinsi ya kuitazama ngozi, maswali ya kujiuliza, doa lipi linatokana na nini. Vya kupaka vinakuja baadaye. Ukiruka hatua tatu za mwanzo utapoteza miezi, na unaweza kuiharibu ngozi iliyokuwa na tatizo dogo tu.

Kwanza, rangi inatoka wapi. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Idadi yake inakaribiana kwa watu wote, weusi kwa weupe. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini na namna inavyosambazwa. Chembe hizi ni nyepesi kushtuka. Jua, joto, homoni, msuguano, kipele, kuungua, dawa, karibu kila kinachoiudhi ngozi kinaweza kuzifanya zitoe rangi kupita kiasi. Kadiri ngozi ya mtu ilivyo nyeusi, ndivyo alama hizo zinavyokuwa nzito na kukaa muda mrefu.

Rangi ya ziada ikibaki kwenye tabaka la juu, doa huwa la kahawia na huondoka polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha. Ikizama hadi tabaka la chini, doa huwa la kijivu au lenye ubuluu kwa mbali, na huko krimu nyingi hazifiki. Angalia tofauti hii mapema, maana ndiyo itakayokuambia usubiri miezi au miaka.

Hatua ya 1: Itazame ngozi kwenye mwanga wa mchana

Osha uso, ukauke, subiri nusu saa bila kupaka mafuta. Simama karibu na dirisha mchana, jua lisikupige usoni moja kwa moja. Piga picha tatu bila flashi: mbele, kulia, kushoto. Weka alama mahali uliposimama, kwa sababu utarudi kupiga picha nyingine pale pale, saa ile ile. Macho yanayojitazama kwenye kioo kila siku hayaoni mabadiliko madogo, picha huyaona.

Usiishie usoni. Angalia nyuma ya shingo, makwapa, viwiko, vifundo vya vidole, mistari ya viganja, nyayo, katikati ya vidole vya miguu, kucha zote ishirini, na ndani ya midomo hadi kwenye ufizi. Kwa kila doa andika mambo manne: liko wapi, mpaka wake umekatika wazi au unafifia pembeni, ni la kahawia, jeusi, kijivu au jekundu-jekundu, na uso wake ukoje ukilipitishia kidole.

Hapo kwenye kidole ndipo pana habari nyingi. Ngozi laini iliyo sawa na ya jirani inaelekeza kwenye alama iliyoachwa na kipele, au kwenye jua na homoni. Ngozi nene, ya mahameli, yenye mikunjo midogo kama kitambaa kilichosokotwa, ni habari nyingine kabisa na tutaifikia. Kisha kwaruza doa polepole kwa ukucha mmoja, bila kutoa damu: ukiona unga mwembamba unapukutika, fikiria fangasi.

Kipimo cha mwisho kinahitaji mtu wa pili. Sokota uzi mwembamba wa pamba, fumba macho, mwenzako akuguse kwa ncha yake ndani ya doa, kisha nje ya doa, bila mpangilio. Wewe unaonyesha kila unapoguswa. Doa lililopauka au jekundu-jekundu ambalo halihisi pamba linahitaji kuchunguzwa ukoma wiki hiyo hiyo. Ukoma unatibika kabisa, na kuwahi ndiko kunakookoa mishipa ya fahamu.

Ukifika kwenye nyayo, viganja na kucha, chukua muda. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, saratani ya chembe za rangi hupenda kuanzia huko, mahali pasipopigwa na jua. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani ya aina hii iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Cha kutia shaka ni mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, wenye upana wa milimita 3 au zaidi, unaopanuka, au ambao weusi wake umetambaa hadi kwenye ngozi inayouzunguka ukucha. Vivyo hivyo doa la wayo linalokua, lenye rangi zaidi ya moja au mpaka uliopinda-pinda, au kidonda cha hapo kisichopona. Hayo hayapakwi kitu. Yanapelekwa kwa daktari.

Hatua ya 2: Rudi nyuma miezi sita

Chukua daftari. Andika kila kilichobadilika katika miezi sita kabla ya weusi kuonekana: dawa mpya, krimu, sabuni, manukato, mafuta ya nywele, namna mpya ya kunyoa, ujauzito, vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango, kuongezeka au kupungua uzito, kazi ya juani au ya karibu na moto, vipele, kuumwa na wadudu, kuungua. Majina ya dawa na krimu yanakili kutoka kwenye boksi lenyewe, usitegemee kumbukumbu.

Dawa zinastahili mstari wake. Baadhi ya zile zinazojulikana kuleta weusi ni minosaiklini ya chunusi, amiodaroni ya moyo, klorokwini na haidroksiklorokwini, klofazimini inayotibu ukoma, zidovudini (hii mara nyingi huonekana kwenye kucha), na baadhi ya dawa za saratani. Ukiikuta yako hapo, usiiache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingine ipo mbadala, na mara nyingine faida ya dawa inazidi ubaya wa doa.

Kuna doa moja la dawa ambalo wengi hawalitambui. Ni la duara, lina mpaka wazi, linaanza jekundu au la zambarau, linawasha au kuchoma, kisha linabaki jeusi. Baada ya wiki au miezi linawaka tena pale pale, kwenye mdomo, mkononi au sehemu za siri, saa chache baada ya kumeza kitu fulani. Dawa za salfa, tetrasaiklini na za maumivu jamii ya ibuprofeni ndizo zinazoongoza kushukiwa. Andika ulimeza nini siku doa lilipowaka. Likiwaka mara mbili baada ya dawa ile ile, umeshampata mhusika.

Hatua ya 3: Linganisha mahali na chanzo

*Madoa yaliyotawanyika usoni, mgongoni au miguuni, kila moja mahali palipokuwa na kipele.* Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote kwenye ngozi nyeusi. Chunusi, ukurutu, mbu, upele, kidonda cha moto: ngozi ikivimba na kuwasha, inaacha rangi. Kubana chunusi kunaisukuma rangi chini zaidi. Ikiwa chunusi zimejipanga kwenye paji la uso na kando ya nywele, shuku mafuta mazito ya nywele yanayoteremka usoni. Ikiwa zimejaa kidevuni na shingoni kwa mtu anayenyoa, ni vipele vya ndevu: unywele uliokatwa chini mno unajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hapo dawa ya kwanza ni kuacha wembe kwa wiki 4 hivi, kisha kutumia mashine inayobakiza takriban milimita 1.

*Mabaka ya kahawia kwenye mashavu yote mawili, paji la uso, pua au juu ya mdomo.* Yanalingana kulia na kushoto kama yaliyopigwa muhuri. Hii ni melasma. Huja na ujauzito, homoni za uzazi wa mpango, urithi na jua, na wanaume nao huipata. Joto huiamsha, kwa hiyo anayekaa saa nyingi mbele ya moto anaweza kuona uso ukizidi kuwa mweusi hata bila kutoka nje. Iliyoletwa na ujauzito kwa wengi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua, sawa na ule mstari mweusi wa tumboni. Iliyobaki hutulizwa. Kuahidi kuifuta moja kwa moja ni uongo.

*Mashavu na mifupa ya uso iliyogeuka ya kijivu au nyeusi yenye ubuluu, na vijipele vidogo vigumu kama punje, kwa mtu anayejichubua.* Hapa krimu yenyewe ndiyo ugonjwa. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumika muda mrefu, hasa ya kiwango kikubwa na chini ya jua, inaweza kuweka rangi ndani ya tabaka la chini. Mtu akiona weusi unarudi anaongeza krimu, na weusi unaongezeka. Kadiri anavyoendelea ndivyo inavyokuwa ngumu kurudi nyuma, na hata akiacha, huchukua miaka kufifia. Vifundo vya vidole vinavyobaki vyeusi huku mkono umeng'aa ni sehemu ya picha hiyo hiyo.

*Nyuma ya shingo, makwapa na kwenye mikunjo ya mapaja, weusi mnene wa mahameli.* Huu si uchafu. Inaumiza kuona mtoto akisuguliwa shingo mpaka inachubuka kwa sababu ameambiwa haogi vizuri. Mara nyingi ni mwili unaotoa insulini nyingi kwa sababu chembe zake haziitikii ipasavyo, hali inayoandamana na uzito kupita kiasi na inayotangulia kisukari cha aina ya pili. Vinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni vikiwepo, dalili inakuwa nzito zaidi. Pima sukari ya damu kabla hujala, au kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Uzito ukishuka na insulini ikitulia, shingo hufunguka yenyewe. Ila kama weusi huu umemtokea ghafla mtu mzima aliyekonda, na unaenea hadi viganjani au mdomoni, aende hospitali haraka. Mara chache huwa ni alama ya saratani ya ndani.

*Mifupa ya mabega, mgongo wa juu, mikono kwa nje na mbele ya miguu, weusi wenye mawimbi kama maji yaliyotikiswa.* Uliza unaoga na nini. Wavu wa nailoni, jiwe, brashi na taulo gumu, vikitumika kila siku kwenye ngozi iliyo juu ya mfupa, vinaleta weusi huu kwa miaka. Viwiko na magoti navyo huwa vyeusi kwa kuegemewa na kupigiwa magoti.

*Mabaka mengi madogo kifuani, mgongoni na shingoni, meupe au ya kahawia, yanayotoa unga yakikwaruzwa.* Ni fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na anayechachamaa kwenye joto, jasho na mafuta. Hahusiani na uchafu wala haambukizi kwa kugusana. Shampuu ya ketokonazoli 2% hupakwa mwilini, hukaa dakika 5, huoshwa, mara moja kwa siku kwa siku 5. Ya seleniamu salfaidi 2.5% hukaa dakika 10 kwa siku 7. Watu hukata tamaa hapa: fangasi anakufa, rangi haijarudi, wanadhani dawa imeshindwa. Kwaruza tena. Kama hakuna unga, fangasi ameisha, na rangi itachukua miezi kurudi sawa.

*Michirizi au matone meusi mkononi, midomoni au shingoni, yaliyotokea siku mbili tatu baada ya kukaa juani.* Juisi ya limau au ndimu ikikauka kwenye ngozi kisha jua likaipiga, inaichoma. Mara nyingine malengelenge hutangulia, mara nyingine ni weusi tu unaofuata njia ya tone lilipoteremka. Manukato yenye mafuta ya jamii hiyo hufanya vivyo hivyo shingoni. Ndiyo sababu limau halifai kabisa kama dawa ya madoa: asidi yake inaiudhi ngozi, na kemikali zake nyingine zikipigwa na jua zinaiunguza.

*Kifundo cha mguu kwa ndani na ugoko wa chini, kahawia ya kutu.* Hii wala si melanini peke yake. Ni chuma cha damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa iliyochoka kupandisha damu, na huambatana na mguu kuvimba jioni. Krimu ya madoa haina kazi hapa. Mguu unahitaji kuinuliwa, na soksi za kubana baada ya daktari kuhakikisha mishipa inayoleta damu ni mizima. Ukiachwa, huishia kwenye kidonda sugu.

*Mwili mzima unazidi kuwa mweusi.* Angalia mistari ya viganja, makovu ya zamani, vifundo vya vidole na ufizi. Ufizi wenye weusi tangu utotoni ni wa kawaida kwa wengi. Lakini weusi mpya mahali hapo, pamoja na uchovu, kukonda, kizunguzungu ukisimama na hamu kubwa ya chumvi, unaelekeza kwenye tezi za juu ya figo zilizoshindwa kazi. Kifua kikuu ni mojawapo ya magonjwa yanayoweza kuziharibu. Huu ni wa hospitali bila kuchelewa, kwani ukiambatana na kutapika au kuzimia unaua. Vifundo vya vidole vyeusi pamoja na ganzi za miguu na ulimi laini unaouma vinaweza kuwa upungufu wa vitamini B12, na hivyo hurudi sawa mwili ukiipata.

Hatua ya 4: Ondoa kinachochochea

Toa krimu zako zote, zipange mezani, soma lebo moja moja. Isiyo na lebo ya viungo, au iliyochanganywa na mtu kwenye kopo, ni mkorogo. Iweke pembeni bila mjadala. Halafu tafuta majina haya yalivyoandikwa: hydroquinone; clobetasol, betamethasone na fluocinonide, ambazo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi; na mercury, mercurous chloride, calomel, mercuric au mercurio, yote ni zebaki. Lebo inayoonya usiguse dhahabu, fedha au vito vingine ukiwa umeipaka inakudokezea zebaki hata kama haikuitaja.

Zebaki inaachwa leo, haina kupunguza taratibu. Hupenya ngozini, huharibu figo, huleta kutetemeka, kukosa usingizi na hasira zisizoeleweka. Pia haibaki kwako: inahamia kwenye taulo, shuka na mikono inayombeba mtoto. Weka kopo ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, usilitupe chooni wala kulichoma moto, uliza mamlaka ya afya pa kulipeleka. Fua taulo na foronya zilizotumika. Omba kipimo cha zebaki kwenye mkojo na kipimo cha figo, na watoto wa nyumbani nao wapimwe. Mkataba wa Minamata, uliosainiwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, lakini makopo bado yanapatikana. Kuwepo dukani si ushahidi wa usalama.

Steroidi ni kinyume. Aliyeipaka usoni au mwili mzima kwa miezi akiiacha kwa siku moja, ngozi inaweza kuwaka moto, kuwa nyekundu, kuvimba na kufurika vipele. Wengi huirudia hapo wakidhani ndiyo iliyokuwa ikiwatunza. Nenda kwa daktari akupangie namna ya kushuka, hasa kama umeipaka eneo kubwa, maana mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni zake wenyewe.

Mengine ni mepesi. Acha wavu na jiwe, oga kwa kiganja au kitambaa laini. Acha kubana chunusi. Acha magadi, dawa ya meno na limau. Sabuni iwe isiyokausha, mafuta ya kulainisha yasiwe na manukato, na yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu.

Hatua ya 5: Zuia mwanga, kwa kipimo sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Krimu ya madoa bila kinga ya jua ni kufagia huku upepo ukirudisha vumbi. Chagua losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua ya UVB, ile inayounguza) 30 au zaidi, inayozuia pia miale ya UVA, ile inayozama ndani zaidi ya ngozi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB na SPF 50 karibu 98, kwa hiyo tofauti kubwa haiko kwenye namba. Iko kwenye kiasi unachopaka.

Kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kuanzia shinani hadi nchani. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Ukikiona kwa mara ya kwanza utadhani ni kingi mno. Watu wengi hupaka nusu yake au chini ya hapo, na kinga wanayopata inakuwa ndogo kuliko namba iliyo kwenye chupa. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji mililita 30 hivi. Rudia kila saa 2 ukiwa nje, na mara tu baada ya kutoka jasho jingi au kuoga.

UVA hupita kwenye kioo cha dirisha na cha gari. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea melasma na alama za vipele, hasa kwenye ngozi nyeusi, na losheni za kawaida hazizuii mwanga huo vizuri. Zinazouzuia ni zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa iron oxides, yaani rangi za oksidi za chuma. Tafuta maneno hayo kwenye lebo. Kofia yenye ukingo mpana huongeza kinga ambayo haioshwi na jasho.

Hatua ya 6: Paka kitu kimoja, anza polepole

Chagua kimoja, kijaribu nyuma ya sikio siku 3 mfululizo, ndipo ukipeleke usoni. Kuanza vitatu pamoja ni njia ya haraka ya kuichoma ngozi, na kuungua huko huacha weusi mpya.

Kwa madoa ya chunusi, asidi ya azelaiki ya 15% au 20% ndiyo ya kuanza nayo kwa watu wengi: inatibu chunusi na doa kwa pamoja, na inakubalika kwa mjamzito. Itachonyota wiki za mwanzo. Mara moja kila siku ya pili kwa wiki 2, kisha kila siku, kisha asubuhi na usiku kama ngozi inakubali. Ngozi ikikataa, niasinamidi ya 4% hadi 5% ni pole zaidi, ingawa huenda polepole. Vitamini C ya 10% hadi 20% hupakwa asubuhi chini ya kinga ya jua; ikigeuka kahawia kwenye chupa imeharibika, itupe.

Adapalini 0.1% au tretinoini huharakisha ngozi kujibadilisha. Ni za usiku tu, juu ya uso mkavu kabisa, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima: gawa vinukta vitano, paji, mashavu mawili, pua, kidevu, ndipo usambaze. Epuka kona za macho, pua na mdomo. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 2, kisha ongeza. Mjamzito na anayetafuta mimba wasizitumie.

Haidrokwinoni ina nafasi yake, mikononi mwa daktari: kiwango kisichozidi 4%, juu ya doa tu, kwa miezi mitatu hivi, kisha inapumzishwa. Bila mabadiliko kwa muda huo, kuendelea kunaongeza hatari bila faida. Leza na kuchubua kwa asidi kali kuna matokeo kwa anayejua ngozi nyeusi. Kwa asiyejua, vinaacha alama mbaya kuliko zilizokuwepo.

Hatua ya 7: Wiki ya 12, rudi dirishani

Ngozi ya kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, na kadiri umri unavyosonga huchukua muda mrefu zaidi. Kabla ya wiki 8 usihukumu. Doa la kahawia lisipochochewa huchukua miezi 6 hadi 12 kufifia vizuri. La kijivu linaweza kudumu miaka.

Wiki ya 12 simama mahali pale pale, saa ile ile, piga picha tatu, uziweke pembeni ya zile za kwanza. Doa likiwa limepauka hata kidogo, endelea bila kuongeza kitu. Lisipobadilika, rudi kwenye Hatua ya 2 kabla ya kununua krimu nyingine: mara nyingi kuna kichocheo kilichobaki, dodoki, kidonge, mafuta ya nywele, losheni inayopakwa kiduchu. Likiwa limekoza, acha vyote isipokuwa mafuta laini na kinga ya jua, kisha nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na picha zako, daftari lako na kila chupa uliyotumia, pamoja na ile isiyo na lebo.